Friji ya Chanjo na Soda za Wageni

Mheshimiwa mgeni rasmi, Alhaji Yasiri, mzee wetu uliyetujengea chumba hiki cha chanjo. Daktari Onzima, mwenye kliniki na mkubwa wangu wa kazi. Masheikh na wachungaji mlioketi safu ya mbele. Bwana Severino na kamati yako ya sherehe. Wageni mliotoka Arua tangu asubuhi. Ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka. Na ninyi akina mama mlio nyuma kabisa, juani, watoto migongoni, ambao kwa haki ndio mlipaswa kutajwa kwanza: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mimi ni Sista Mariam Poni, muuguzi wa chanjo hapa kliniki. Ratiba inasema nieleze huduma zetu kwa maneno machache, kisha mgeni rasmi akate utepe, kisha mtoto wa kwanza achanjwe mbele ya kamera. Naomba nianze na jambo ambalo halimo kwenye ratiba.

Mnaziona chupa hizi mbili ndogo? Zote ni chanjo ile ile, ya kukinga mtoto na kifaduro, dondakoo, pepopunda na maradhi mengine. Natikisa zote mbili kwa pamoja, hivi. Sasa naziweka mezani, kando ya soda ya Alhaji. Mheshimiwa, nakuomba uwe mlinzi wa chupa hizi. Usiziguse, zitazame tu. Tutazirudia.

Huduma zetu mnazijua. Tunapima malaria. Tunashona vidonda vya vijana wa boda, ambao wakipona wanarudi kuendesha vile vile. Tunapima wajawazito na tunazalisha. Tunatoa uzazi wa mpango kwa anayetaka, na hatumtangazi kwa mumewe wala kwa mawifi zake. Wasichana tunawachanja wakingwe na saratani ya shingo ya kizazi. Na watoto tunawachanja bure, wa hapa Koboko na wa Kongo, mwenye kitambulisho na asiye nacho, kwa maana sijaona ugonjwa uliosimama mpakani ukaonyesha kitambulisho.

Sasa niulize. Ndugu yangu wa safu ya tatu, hiyo soda mkononi mwako ni ya baridi? Ya baridi sana? Na umejiuliza imepoa wapi, ikiwa umeme wa mji umekatika tangu juzi?

Ndugu MC, nimekuona unanipungia mkono. Nitamaliza, lakini siyo sasa.

Soda zenu zimepoa ndani ya friji ya chanjo. Ndiyo friji pekee hapa inayokula jua badala ya umeme. Jana nilikuwa vijijini na sanduku langu la baridi, nachanja huko. Jioni kamati ikaleta makreti. Nawaelewa. Hapa kwetu mgeni akipewa soda ya moto huhesabu ametukanwa, na ninyi wa Arua, mashabiki wa timu ya Onduparaka, mlipokuja kwenye mechi mkapewa soda za moto, mlituimbia wimbo wa kejeli mpaka mkafika nyumbani. Kamati iliapa aibu ile haitarudi. Bwana Severino akasukuma maboksi ya chanjo nyuma kabisa, akapanga soda, kisha, ili zipoe haraka, akageuza kitufe cha friji mpaka mwisho.

Leo asubuhi nimefungua mlango nikakuta chupa ya soda imepasuka kwa barafu. Nyuma yake chanjo zote zilikuwa zimeganda.

Bwana Severino, simama kidogo watu wakuone. Msimzomee! Huyu angeweza kuniwahi alfajiri, akakitoa kile kioo kilichovunjika, akarudisha kitufe mahali pake, chanjo zikayeyuka, nami nisingejua lolote. Hakufanya hivyo. Alikuja mwenyewe mlangoni akaniambia, "Sista, kitufe ile mimi ndiyo niligeuza. Nilifikiri baridi mingi iko muzuri. Dawa si inapenda baridi?" Ndiyo, inapenda baridi. Lakini chanjo hii ikiganda imekufa, na hata ikiyeyuka haifufuki. Haimuui mtoto. Haimkingi pia. Anachomwa, analia, anakwenda nyumbani na homa yake, na mama analala akidhani mtoto yuko salama.

Daktari Onzima alikubali papo hapo kwamba hazifai. Tulichobishania ni kingine. Yeye, kwa kumheshimu Alhaji, alitaka tuseme sindano zimechelewa, tukate utepe, tule pilau, twende. Nilikataa. Daktari, wewe ni bosi wangu na nakupenda kama kaka, lakini bado nakataa mbele ya watu hawa wote, na nitakwambia kwa nini.

Pale nyuma, mwenye kitenge cha njano, ameketi mama anaitwa Mireille. Ametoka Kongo kwa miguu, jua halijachomoza. Alifika mlangoni akanishika mkono, hakuuachia. Akasema, "Sista, mutoto wangu wa kwanza alikohoa mpaka akakufa. Ndugu za bwana yangu banasema sindano za kwenu ni maji tu. Huyu nimemuleta mimi mwenyewe, bila ruhusa yao. Usinidanganye."

Usinidanganye! Ningemjibu nini? Kwamba ratiba imeshachapishwa?

Basi, Alhaji, chupa zetu zinasemaje? Hebu zinyanyue watu wazione. Mlio nyuma, sogeeni. Hii ya kulia nilitembea nayo jana kwenye sanduku langu. Ingali nyeupe, juu mpaka chini. Na hii ya kushoto, iliyolala na soda? Juu ni maji matupu. Chini yametuama mashapo, kama uji uliosahauliwa. Hayo ndiyo maji waliyoyasema ndugu za mume wa Mireille. Ningemchoma mtoto hii leo, mbele ya kamera, kwa makofi yenu, ningewafanya waseme kweli.

Chanjo nyingine zitatoka Arua, na Alhamisi zitakuwa hapa. Kwa leo nina hii chupa moja nzima, na inatosha watoto wachache tu. Nimeamua ni ya wale waliotoka mbali, ambao tukiwarudisha leo hatuwaoni tena. Wa mjini watangoja.

Na hapa ndipo pananitoa jasho. Ratiba inamtaja mtoto wa kwanza. Ni mjukuu wako, Alhaji, mtoto wa binti yako Zam, yule pale aliyevalishwa gauni jeupe, akapendeza kweli. Nyumba yenu naiona kutoka hapa niliposimama. Umetujengea kuta hizi na paa hili, na mimi nimesimama chini ya paa lako nikikwambia damu yako si ya kwanza leo. Najua nimekuweka pabaya. Sikukwambia pembeni kwa sababu pembeni ningeogopa, na ningeogopa ningekubali atangulie. Nakuomba, mzee wangu, mbele ya watu.

...

Naona Alhaji ameisukuma soda yake kando.

Zam, unasimama? Unakwenda wapi na mtoto?

Mlio nyuma hamkusikia, ngoja niwasemee. Zam amesema hivi: "Ule mama akalie kiti yangu hapa mbele. Mimi nyumba yangu iko karibu, nitarudi Alhamisi." Sasa yuko njiani kwenda kukaa juani, na Alhaji... Alhaji anampa mkasi wa utepe MC, anamwambia autunze mpaka Alhamisi.



Alhaji, asante, leo umetupa zaidi ya jengo. Daktari, asante kwa kunivumilia. Bwana Severino, asante kwa kuja mlangoni mwenyewe. Ila ufunguo wa friji kuanzia leo nimeuvaa shingoni, na sherehe ijayo mtakunywa chai. Wageni wangu, malizeni soda zenu, zimetugharimu sana. Kwa masikio mliyonipa, na kwa kutonikatiza hata pale mlipotamani, Mungu awalipe.

Kamera zizimwe, tafadhali. Mama Mireille, pita mbele, kiti chako kiko hapa. Hii chupa ishike kwanza wewe, uitikise mwenyewe, uitazame mpaka uridhike. Mimi naenda kunawa mikono.