Mzee Calist Sungi na Uwanja wa Ihanja

Baba Padri, ndugu wafiwa, majirani na nyote mliotoka mbali: huyu tunayemsindikiza leo alikuwa mtu wa maoni. Alikuwa na maoni juu ya barabara, juu ya bei ya alizeti, juu ya mgombea aliyepita jana na juu ya golikipa aliyefungwa juzi. Aliyatoa bila kuombwa, na ukimwomba alikuongezea. Tukisema hapa kwamba alikuwa mkimya, tutakuwa tunasema uongo mbele ya jeneza.

Mzee Calist Ntandu Sungi alizaliwa hapa Ihanja tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Mzee Ntandu Sungi na Mama Yunisi. Mama Yunisi alisimulia kwamba mtoto alilia mfululizo mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni. Babu yake akawaambia, “Huyu ana shauri lake, mwacheni alitoe.” Basi akaachwa, na hakuna aliyeweza kumzuia tena.

Alianza darasa la kwanza hapahapa kijijini mwaka 1960, kisha akaenda kuishi kwa shangazi yake Kilimatinde, alikomaliza darasa la nane mwaka 1967. Huko alicheza mpira, beki. Siku moja alibishana na refa mpaka refa akachoka, akamvulia filimbi: “Haya, chezesha wewe unayejua.” Calist akachezesha. Dakika za mwisho aliipa timu pinzani penalti, na timu yake ikafungwa. Wenzake walimnunia wiki nzima. Yeye aliwajibu kwamba mkono uligusa mpira, na alikuwa bado anawajibu hivyo akiwa na miaka sabini.

Mwaka 1970 aliajiriwa kibarua katika kazi za barabara, baadaye akafundishwa kuendesha greda. Kazi hiyo aliifanya hadi alipostaafu mwaka 2011. Kijiji kilipohamia kando ya barabara, vijana wa rika lake waling'oa visiki na kusukuma mawe kutengeneza kiwanja cha mpira, na ninyi mnayajua mawe ya Singida. Calist alimwomba bosi wake greda kwa Jumamosi moja. Bosi alikubali kwa sharti kwamba siku ya ufunguzi yeye bosi apangwe mshambuliaji wa kati. Alipangwa. Alicheza vibaya sana, lakini kiwanja kilikuwa kimesawazishwa, na watu walimshangilia hivyo hivyo.

Akiwa kwenye matengenezo ya barabara ya Manyoni alikutana na Anastazia, binti wa Kilimatinde, aliyekwenda kulalamika kwamba vumbi la greda linachafua mahindi yaliyoanikwa. Calist, kwa mara ya kwanza maishani, alikosa la kujibu. Walifunga ndoa tarehe 22 Oktoba 1977 na kujaliwa watoto watatu: Janeth, Fredrick na Joyce. Nyumbani kwao watu walibishana, wakala, wakacheka, wakabishana tena.

Maisha yake hayawezi kusimuliwa bila habari ya uwanja. Agosti 2021 uliitishwa mkutano mkuu wa kijiji. Mgeni alikuwa Bwana Tarun, mfanyabiashara wa Singida Mjini, aliyetaka kutujengea uwanja wa kisasa: ukuta, jukwaa, vyumba vya wachezaji, na maduka upande wa barabarani. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Alute, mdogo wake marehemu. Mgeni alizungumza vizuri, na alipoketi tukampigia makofi, kama tunavyompigia makofi kila mgeni. Hata anayekuja kututangazia njaa, akimaliza tutampigia. Mzee Calist alipiga kuliko wote. Hapo mwandishi wa kikao akasimama na kutangaza, “Basi, wananchi wameridhia kwa makofi!” Mkutano ukafungwa kwa sala.

Wiki iliyofuata ndipo tulipojua tumeridhia nini. Kiwanja chote kingekuwa chini ya mwekezaji kwa miaka thelathini na mitatu, na yeyote atakayetaka kukitumia, iwe shule, timu au kwaya, angeomba kibali kwake. Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na tumempigia makofi muuzaji! Mzee Calist aliumia sana. “Mimi si adui wa maendeleo,” aliwaambia watu kila alipopita. “Jukwaa nalitaka, mgongo umechoka kutazama mpira nimesimama. Lakini uwanja wa kijiji ukishakuwa wa mtu mmoja, wajukuu zetu watauomba kama wanaoomba moto kwa jirani.”

Alikwenda kwa mdogo wake kumtaka aitishe mkutano mwingine.

“Kaka, nawe ulipiga makofi,” Alute alimwambia. “Nilikuona.”

“Nilimpigia mgeni. Uwanja sikumpa.”

“Sasa mimi nikamwambie nini mtu wa watu? Nitaonekana mwenyekiti wa hovyo.”

“Onekana wa hovyo wiki moja. Sisi tutakuwa wapangaji kwetu miaka yote hiyo.”

Alute alikasirika, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwa desturi yetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mkubwa, na tangu baba yao afariki, kila kuku aliyechinjwa kwa Alute firigisi yake ililetwa kwa kaka, imefunikwa sahani. Sasa ikaacha kuja. Harufu ya mchuzi ilivuka ua, firigisi haikuvuka. Mama Anastazia alimwona mume wake akitazama njia ya kwa mdogo wake jioni baada ya jioni, na kwa Mzee Calist hilo liliuma kuliko uwanja. Watu walianza kuchukua pande, huku wa kaka, huku wa mdogo. Wenye busara walikaa pembeni, maana ndugu wakigombana, shika jembe ukalime.

Novemba, kabla ya mvua, Alute alivuka ua mwenyewe, sahani mkononi.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Umekuja kama mwenyekiti, au kama mdogo wangu?”

“Nimekuja kula,” alisema Alute. Walikula ugali na mlenda pamoja na ile firigisi, na Mzee Calist akaikata katikati, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Walipomaliza kunawa, Alute akasema mkutano ni Jumamosi.

Siku hiyo Alute alifungua kikao kwa agizo moja: “Leo asipigiwe mtu makofi. Tunaamua kwa mikono.” Wananchi waliamua hivi: maduka ya barabarani yawe ya mwekezaji, jukwaa lijengwe, kiwanja kibaki cha kijiji, kibali kisiwepo. Bwana Tarun alitabasamu. “Kwetu dukani mteja akisifia kitenge, hajakinunua,” alisema. “Mngeniambia mapema.” Watu wakaangua kicheko, wakaanza kumpigia makofi, na Alute akapaza sauti, “Mikono chini!” Bwana Tarun alibaki rafiki wa nyumba hii, na leo yuko nasi. Jukwaa lilikamilika mwaka 2023. Mzee Calist alikuwa wa kwanza kulikalia, na wa kwanza kulalamika kwamba linatazama jua la jioni. Na kweli, linatazama.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua. Alitibiwa hospitalini Singida Mjini, ambako muuguzi mmoja, Faith, alimsihi apunguze siasa kwa sababu presha inapanda. “Mwanangu,” alimjibu, “presha inapanda nikinyamaza.” Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao wa kila aina. Alifariki dunia Jumanne tarehe 10 Juni 2025, alfajiri, Mama Anastazia akiwa amemshika mkono. Inatuuma. Nyumba imekuwa kimya, na ukimya huo hatuujui.

Ameacha mjane, Mama Anastazia, watoto watatu, Janeth, Fredrick na Joyce, wajukuu tisa, mdogo wake Alute, na kijiji kizima alichokiasa kikitaka kisitake.

Jumatano familia ilipokaa kupanga mazishi, kanisa lilionekana dogo, na ua wa nyumbani mdogo zaidi. Joyce akauliza, “Sasa tukiwapeleka watu uwanjani, tunamwomba nani?” Baba mdogo Alute alifuta machozi kwa kiganja, akasema, “Hatumwombi mtu.”

Ndiyo maana tumeketi hapa leo, na jeneza lake liko katikati ya uwanja. Apumzike sasa mzee wetu. Mungu naye amsikilize, kwa kuwa ana mengi ya kumweleza.