Meza ya Volti Kumi na Mbili

Ijumaa, 30 Juni 1978. Asubuhi ya mawingu na manyunyu hapa Korogwe. Leo Mwalimu Habakuki Hiza, mzaliwa wa Bungu, anastaafu baada ya kufundisha umeme katika shule yetu ya ufundi kwa miaka kumi na sita.

Alikuwa fundi wa mashamba ya mkonge, akaja kwetu mara tu baada ya Uhuru. Alikuta darasa lina laini ya fezi moja, umeme wa kawaida wa majumbani, ilhali mashine ambazo vijana wangekwenda kuzitunza zilitumia fezi tatu, yaani umeme wa nyaya tatu wa mitambo mikubwa. Ikabidi awapeleke wajifunzie kwenye mashine zenyewe. Mwaka 1969 Sadala, kijana wa Kwaluguru huko Handeni, alipigwa na umeme wa pampu, kiganja kikaungua. Mama yake, Bi Hamisa, akaja kumchukua. Wazazi wengine wa Handeni nao wakaanza kuwafuata watoto wao. Darasa lilikuwa linakufa.

Mwalimu hakubishana nao. Aliwaomba wangoje mpaka likizo iishe. Akaokota mota chakavu ya fezi tatu, akaiunganisha kwenye laini yetu. Kwa fezi moja mota hiyo haianzi yenyewe, kwa hiyo aliizungusha kwa kamba, kama mtu anayewasha injini ya kinu, ndipo akafungua swichi. Ikishashika mwendo, inazaa fezi zinazokosekana. Transfoma ndogo zikashusha nguvu hadi volti kumi na mbili, zikaendesha kimota alichokisuka nyaya zake mwenyewe.

Wazazi walipoitwa kuona, mwanafunzi Rehani alivuta kamba upande usio wake, na kimota mezani kikazunguka kinyumenyume. Mwalimu akacheka, akasema somo limekwishaanza. Alizima, akapishanisha waya mbili tu, akawasha tena, kikazunguka sawa. Kisha akashika waya tupu wa kimota kwa vidole vyake. Bi Hamisa naye akashika, akauliza mbona umeme huu hauna meno. Akajibiwa kwamba yameng'olewa kwa ajili ya mwanawe. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, akamwacha Sadala abaki.

Tangu hapo ikawa desturi: mwalimu anashika kwanza, darasa linafuata. Wageni nao hawakusamehewa, ingawa bwana mmoja kutoka mkoani alificha mikono mfukoni mpaka chai ilipoletwa.

Jumanne iliyopita lilikuwa somo lake la mwisho. Alivuta kamba, akafungua swichi, akarudi nyuma na kufumbata mikono mgongoni. Wanafunzi wakatazamana. Mwalimu mpya akasogea mezani, akanyoosha kiganja chenye kovu, akashika waya kwanza. Ni Sadala.

Ahsante, Mwalimu Hiza. Tunakutakia afya njema huko Bungu, kahawa izae vizuri, na usingizi usiokatizwa na kengele yetu.

Grasiana Bernardo, mtunza stoo