Ndengu za Rosebella

Mwezi wa pili 2008, baada ya fujo za uchaguzi, watu wakiwa bado wanaulizana kabila kabla ya salamu, nilipanda basi kutoka Kawangware kwenda Kibera. Viti vingi vilikuwa vitupu. Woga haupendi kusafiri.

Mbele yangu mama wa Kikamba alipakata kiondo cha ndengu, maana kwao mtu haendi kushukuru mikono mitupu. Alikuwa akimweleza mzee aliyeketi naye. “Vijana walipokuja kutuchomea nyumba kule Gatwekera, Kibera, jirani yangu Rosebella alinificha chini ya kitanda chake. Akasimama mlangoni, akawaapia kwa Mungu hakuna mtu ndani. Nikatorokea kwa dada yangu. Sasa nampelekea ndengu hizi, na nasikia mabati yangu ndiyo ameezekea jiko lake.”

“Shetani alimwingia,” mzee alisema.

“Siku gani, baba? Ya kuapa uongo ama ya kuiba?”

Mzee alijikuna kidevu. “Mtu ni udongo, mama. Mvua ikinyesha, ni matope tu.”

“Matope hayo ndiyo yalinificha.”

“Basi msamehe.”

“Nilimsamehe kitambo. Kinachonitisha ni kwamba mlango ungekuwa wangu, singemfungulia. Na mabati yake ningechukua.”



Basi likasimama. Makanga akagonga bodi. “Mathe, si ulisema hapa?”

Mzee alisogeza magoti ampishe. Mama alikumbatia kiondo chake, hakuinuka.