Bi Filimbi na Kisanduku cha Kukoma

Miaka thelathini na mmoja, miezi minne na siku tisa. Hesabu ni yake mwenyewe, na anayetaka kuibishia aende akabishane naye. Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Mkaguzi Mkuu wa ofisi yetu ya usalama wa njia za maji ataivua filimbi shingoni, ataitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango, na atastaafu. Jina lake kamili limo kwenye barua za utumishi. Sisi tunamwita Bi Filimbi, naye huitika, basi tuendelee hivyo hivyo.

Kwa wasioijua kazi yake: mto wetu ni njia ya umma. Siku za kawaida hupita kivuko, mashua za mchanga na yeyote mwenye kasia. Siku chache kila mwaka hupita boti za mashindano ya mwendo kasi, na boti hizo hazina breki. Siku hizo lazima mtu aandike kanuni za muda: nani apite, nani asubiri, watazamaji wakae wapi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Mtu huyo amekuwa yeye. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Bi Filimbi amekula mshahara wa serikali miaka yote hii akiitafutia haraka hiyo baraka, kwa maandishi, nakala nne, na muhuri juu.

Alipokabidhiwa kazi aliapa jambo moja, nasi sote tumelisikia mpaka tukalikariri: kwamba ataondoka hapa bila mto kumchukua mtu hata mmoja siku ya mashindano. Ndiyo maana msemo wa "ajali haina kinga" ni marufuku ofisini kwetu. Uliwahi kumteleza mhasibu mdomoni akipiga chafya, akanunuliwa jaketi la kuokolea maisha na kuamriwa alivae mpaka saa ya chai.

Lakini tusimsifu mpaka tukaficha mengine. Mwaka wake wa tatu alifunga mto, akasahau kuufungua.

Tangazo letu lina visanduku viwili, Kuanza na Kukoma. Cha Kuanza alikijaza. Cha Kukoma alikiacha kidogo tu, athibitishe kwanza saa na waandaaji. Akaitwa kwenye simu. Aliporudi, mpiga chapa alikwishalichukua tangazo, likapigwa muhuri, likabandikwa kwenye gati zote mbili: chombo chochote kisipite. Kwa sheria zetu, kanuni isiyo na mwisho huendelea mpaka mkurugenzi aifute kwa sahihi yake. Na mkurugenzi alikuwa wapi? Ng'ambo ya mto, amekaa na wageni wa heshima, anapiga makofi.

Mashindano yakaisha, watu wakaenda kupanda kivuko. Nahodha wa kivuko, kijana mrefu asiyekuwa na haraka na mtu, akawasomea tangazo kwa sauti, akaenda kulala. Mkurugenzi mwenyewe alimfuata. Akajibiwa kwa adabu zote: "Mzee, muhuri huu ni wako. Mimi nitauvunjaje?" Mashua ya doria nayo ikakaa, maana hata doria ni chombo. Mkurugenzi akazunguka kwa basi, daraja la karibu likiwa mwendo wa siku nzima, na alipofika alisaini akiwa amesimama kwa sababu kukaa kulishamshinda.

Bi Filimbi alipanda kivuko cha kwanza kwenda kumwomba nahodha radhi. "Usiniombe radhi, dada," akaambiwa. "Umeandika vizuri sana. Umesahau kumaliza tu." Siku ya pili akapanda tena. Ya tatu vilevile. Hakuwa na shughuli yoyote ng'ambo, na sisi si watoto. Mwaka haukwisha, wakaoana.

Tangu hapo hujaza kisanduku cha Kukoma kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya tarehe. Ametuambukiza wote. Ofisi yetu hujaza fomu kuanzia chini kwenda juu. Mpaka fomu za likizo tunaanza na siku ya kurudi. Wafanyakazi wapya hudhani tunawatania. Baada ya mwezi nao wanafanya hivyo nyumbani kwao.

Mengine ni mengi na ukurasa ni mmoja, ila la mwenyekiti wa waendesha boti siwezi kuliacha. Bwana huyu alidai kwamba mita mia kati ya boti na watazamaji ni woga wa kike, hamsini zinatosha. Bi Filimbi hakubishana. Alimwekea kiti kizuri chenye mto wa kukalia, mita hamsini kamili, alizipima mwenyewe kwa kamba, akamwomba ashuhudie boti moja ikikata kona. Mwenyekiti alirudi amelowa kuanzia kofia mpaka soksi, na hotuba yake mfukoni. Jioni ile tulisomewa nusu ya hotuba, nusu nyingine ilikuwa wino mtupu. Mita mia hazijajadiliwa tena.

Sasa nifike kwenye mashindano yake ya mwisho, mwezi uliopita, ambayo mimi niliyaona kwa sababu nilikuwa pembeni yake kwenye mnara wa uangalizi, nimeshika redio.

Boti namba saba iliendeshwa na binti yake wa pekee. Miaka minne mtoto huyu ameambulia nafasi ya pili, na mama, ingawa hatakubali, alikuwa amekwisha kufuta vumbi kabatini mahali pa kuweka kombe. Mzunguko wa mwisho namba saba ilikuwa mbele, peke yake, inaikaribia kona. Baada ya kona ni mstari wa kumalizia. Mnara mzima ulikuwa umesimama. Mimi nilikuwa napiga kelele kwenye redio, jambo lililokatazwa na kanuni ya tisa.

Bi Filimbi akainua bendera nyekundu.

Alipuliza filimbi mpaka mashavu yakamwiva, nami nikatangaza, na boti zote zikazima injini kama kanuni inavyotaka. Watazamaji wakazomea. Ndipo nilipochukua darubini nikatazama upande wa pili wa kona. Palikuwa na kimashua kidogo, injini yake imekufa, mkondo umeshakivutia ndani ya maboya. Ndani yake amesimama mzee mrefu, amekumbatia hotpoti ya chakula.

Alikuwa nahodha. Mkewe alisahau chakula cha mchana mezani, naye akaona amletee, siku yenyewe ni ya mwisho. Alikuwa akipita kwenye njia halali kabisa mpaka injini ilipomsaliti. Bi Filimbi anasema aliitambua hotpoti kabla ya kumtambua mume, na kwamba bendera ilishapanda kabla ya vyote viwili. Namba saba ilisimama mita kumi na tano kutoka kwake, kona ikiwa bado imewaficha wasionane.

Binti alipanda ngazi za mnara mbio, kofia ngumu mkononi. Yeye alikuwa bado hajaona kitu ila maji na bendera. "Mama! Ungenivumilia sekunde sita tu!"

Mama akamkabidhi darubini. "Sekunde hizo sita, alikuwemo baba yako."

Mtoto akatazama. Akakaa chini sakafuni pale pale, na mama naye akakaa, wakashikana, na mimi nikageuka nikajifanya nasikiliza redio iliyokuwa kimya.

Mbio zilirudiwa. Namba saba ikawa ya pili, kwa mara ya tano, na sijapata kumwona mshindi wa pili anayecheka vile. Nahodha je? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, lakini si kwa Bi Filimbi: alimwandikia mumewe fomu ya ukiukaji, kuanzia chini kwenda juu, akamweka gatini mpaka saa ya kanuni kukoma. Mzee akakaa bila kinyongo. Amewahi kuzuiwa na mwanamke huyu, na safari hii angalau tangazo lilikuwa na saa. Chakula kilikuwa bado cha moto.

Bi Filimbi, umekitimiza kiapo chako, na kilikugharimu kombe. Asante kwa watu wote walioenda kutazama mashindano wakarudi nyumbani wakilalamika tu kuhusu jua. Tumekuandikia tangazo, nakala nne, na limepigwa muhuri:

Kuanzia Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, njia zote ziko wazi kwa Bi Filimbi na nahodha wake, pamoja na afya, usingizi wa mchana na kicheko. Kisanduku cha Kukoma tumekiacha kitupu. Safari hii hatukusahau.