Apolinaria Nizigiyimana, Mtengeneza Karata wa Ng'ambo

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 12 Februari 2025, chumbani kwake Ng'ambo, Tabora, walikuwepo mumewe Damas Mihayo, aliyeshika kikombe cha maji ambacho marehemu hakuwahi kukinywa, dada yake Spesioza, aliyefika kutoka Ulyankulu siku ya Jumapili na ambaye tangu hapo hakukubali kulala kitandani, mwanawe mkubwa Xavery, mkwe wake Advera akiwa na mtoto Ishimwe mgongoni, Mzee Nassibu mwenye mashine ya kuchapa, na Bibi Veneranda wa Ziba, ambaye hana udugu wa damu na familia hii, na ambaye maelezo yake yatawafikia wapendwa waombolezaji huko mbele. Mwanawe wa pili, Dismasi, alikuwa njiani kutoka Kahama. Hao waliokuwa chumbani ndio waliomwona akivuta pumzi ya mwisho, na kwa niaba yao historia hii inasomwa.

Marehemu Apolinaria alizaliwa tarehe 14 Machi 1975 katika makazi ya Ulyankulu, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Aleksi Nizigiyimana, mkulima wa tumbaku aliyefika nchini kutoka Burundi akiwa na jembe na mke mjamzito. Alianza darasa la kwanza mwaka 1984 na kumaliza la saba mwaka 1990, na wanaomkumbuka wanasema madaftari yake yalikuwa na michoro mingi kuliko hesabu, na kwamba mwalimu wake wa darasa la tano, badala ya kumchapa, alimletea penseli ya rangi kutoka mjini na kumwambia achore ukurasa wa nyuma ili hesabu nazo zipate pa kukaa.

Mwaka 1993 alikuja Tabora mjini, akapata kazi kwa Mzee Nassibu, ambaye wakati ule alikuwa akichapa kadi za harusi na za misiba, na kazi yake ilikuwa kukunja, kukata na kupaka gundi. Mzee Nassibu alikuwa na pakiti ya karata aliyoachiwa na babu yake, karata za zamani kabisa, zenye kona za pembe badala ya mviringo, zisizo na namba pembeni, hata mchezaji ilimlazimu ahesabu kopa na shupaza kwa macho, na kati ya hizo zilikuwa zimepotea mbili, saba ya uru na malkia wa pau. Apolinaria aliomba azichore. Alikaa nazo kwa wiki kadhaa, akachemsha majani ya chai kupata ule umanjano wa uzee, na alipozirudisha, Mzee Nassibu alizichanganya na zile za babu yake, akazitandaza mezani, akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sasa wewe binti umeniharibia, maana sijui tena zipi ni za babu."

Hapo ndipo kazi ya maisha yake ilipoanzia. Alijifunza kubandika karatasi mbili na kuweka nyeusi katikati, ili karata isipitishe mwanga wa taa na kumwonyesha mpinzani kilichomo, akajifunza kuisugua kwa nta hadi iteleze mkononi kama kitambaa cha hariri, na sura za karata akazitoa hapa hapa kwetu, mfalme akamvika kibangwa, lile duara jeupe la kombe ambalo watemi walivaa kwenye paji la uso, malkia akamfunga kaniki, na ghulamu akamfanya nyampara wa msafara mwenye fimbo yake. Wachezaji wa vibarazani walianza kuziagiza, wakafuata watu wa mazingaombwe wanaotumbuiza mashuleni, kisha watu wa mbali wanaokusanya karata bila kuzicheza, ambao Xavery aliwapata kwa simu. Walikuwepo kwenye jumuiya waliomuuliza inakuwaje mama Mkristo achore karata, naye alikuwa akijibu kwamba anayechonga mpini wa jembe hachagui nani atalima, ila ni juu yake mpini usimchome mtu mkono.

Tarehe 7 Novemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Damas Mihayo, fundi baiskeli, mtu mpole ambaye kwa miaka yote ya ndoa yao alikuwa akinawa mafuta mikononi kabla hajapita hata karibu na meza ya mkewe. Walijaliwa watoto watatu, Xavery mwaka 2000, Dismasi mwaka 2003, na Maria, aliyeishi kwa miezi michache tu mwaka 2006. Mwaka 2014 marehemu alipokea uraia wa Tanzania, na siku hiyo alipika pilau, akawaalika wateja wote aliowakumbuka.

Mwezi Juni 2023 alitoa pakiti aliyoiita Karata za Msafara, na hii ndiyo ambayo ndugu waombolezaji wengi wanaifahamu. Mgongoni mwa kila karata alichora safu ya wapagazi wenye mizigo kichwani wakiielekea Ujiji, na kila mmoja alikuwa na sura yake, kwa sababu kwa mtu aliyekulia kwenye njia hii msafara una mbele na una nyuma, na haikumwingia akilini yeye, wala Mzee Nassibu aliyezichapa, kwamba kuna jambo limeharibika. Ziliuzika haraka, mjini, Urambo, Puge, hadi Ziba.

Mwezi Agosti alikuja Jilala, mtu wa mazingaombwe, akiwa na furaha isiyo ya kawaida.

"Mama Xavery, hizi za msafara usije ukazibadilisha hata kidogo."

"Zina nini?"

"Zina umbea, mama. Mwite mkweo nikuonyeshe."

Akazipanga wapagazi wote wakawa wima, akamwomba Advera achomoe moja, na wakati Advera anaitazama, Jilala akaizungusha pakiti mkononi taratibu. Karata ikarudishwa, zikachanganywa, na zilipotandazwa kifudifudi mezani, wapagazi wote walikuwa wakitembea vizuri isipokuwa mmoja, aliyekuwa akitembea kwa kichwa. Jilala akaifunua, nayo ndiyo ilikuwa yenyewe. Alicheka sana, hadi alipoona kwamba mwenye nyumba hacheki.

"Na mchezaji naye akijua?" akauliza marehemu.

"Ah, mchezaji akijua anawageuza wafalme na ree kabla mchezo haujaanza, basi, anazisoma mkononi mwako kama gazeti."

Jilala, na hili tunalisema kwa heshima yake kwa kuwa yupo hapa leo, alitaka kuzinunua zote zilizobaki, lakini marehemu alimpa pakiti moja tu, na kila karata akaigonga muhuri wa kuonyesha ni ya mazingaombwe, zilizobaki akazikata kwa mkasi usiku huo huo, Damas akimshikia taa. Kisha akaazimia kwamba kila pakiti iliyotoka mikononi mwake kwa ajili ya kuchezea itarudi. Hakuwa ameandika majina ya wanunuzi, aliwakumbuka kwa sura, kwa vijiji, kwa walivyocheka, na alianza kuwafuata mmoja mmoja, huku tayari akiwa na uvimbe kwenye titi la kulia ambao hakuwa amemwambia mtu.

Tarehe 19 Septemba 2023 alikuwa Puge, na mteja aliyemrudishia pakiti akamwambia kwa utani, "Za Ziba utazipatia kwa mganga, mama. Kule kuna kijana Elieza hashindwi, ameshakula mbuzi za watu na baiskeli. Wanasema shangazi yake, Bibi Veneranda, ndiye anayempikia dawa."

Marehemu aliuliza huyo bibi yuko wapi. Mteja akaacha utani, akasema kwamba bati la nyumba yake lilipigwa mawe juzi, na kwamba kuna vijana wameapa mnada wa Ziba wa siku hiyo hautapita hivi hivi.

Hakurudi Tabora kama alivyokuwa amepanga. Alipanda bodaboda mchana ule ule, maumivu yakimchoma kila penye shimo, na dereva, kijana ambaye jina lake hakulishika, alimwona akijishika kifua, akavua koti lake na kulikunja liwe mto wa kuegemea. Alifika Ziba mnada unaanza kuchangamka, akaenda moja kwa moja kwenye kibanda wanachochezea karata, akawaamkia wazee, nao wakamwitikia, akajitambulisha kwamba yeye ndiye aliyezichora karata zile, na ushindi wa Elieza umetoka kwenye penseli yake.

"Mrundi umetoka huko kuja kuwatetea wachawi?" alisema mmoja aliyepoteza baiskeli yake.

"Nimekuja kufuata mali yangu, kaka. Naomba pakiti."

Elieza hakutaka kuitoa, ikatolewa mfukoni mwake na wengine. Marehemu aliigeuza migongo juu, akawageuza wafalme na ree vichwa chini, akachanganya mbele yao, akawa anazitupa mezani moja moja kifudifudi akitaja, kubwa, ndogo, ndogo, kubwa, na kila iliyofunuliwa ilikuwa kama alivyosema. Watu walirudi nyuma.

"Ndiyo hayo tunayoyasema," mwenye baiskeli akasema. "Hata huyu anayo."

Hapo ndipo marehemu alipoona kwamba amezidisha moto alioujia kuuzima. Akamwita mwenye baiskeli mwenyewe, akampa pakiti mkononi, akamwambia, "Usinitazame mimi. Tazama mpagazi. Mzigo uko juu au uko chini?"

"Uko juu."

"Basi hiyo ni ndogo. Inayofuata?"

"Uko chini." Akaifunua. Alikuwa mfalme wa shupaza.

Akafunua nyingine, na nyingine, bila kuambiwa, na midomo ya watu waliomzunguka ikaanza kutaja kabla yake, juu, juu, chini, hadi mzee mmoja akasema kwa sauti ya kuchoka, "Kwa hiyo sisi sote humu sasa ni wachawi." Walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa Bibi Veneranda, kwa maana mtu hawezi kucheka hivyo kisha ainame kuokota jiwe. Elieza alitazama chini muda wote. Marehemu hakumsema mbele za watu, alimwambia tu, "Nenda kamwambie shangazi yako mwenyewe, kwa mdomo wako," naye alikwenda, na baiskeli na mbuzi walirudi kwa wenyewe kabla jua halijazama.

Bibi Veneranda alikuwa amehifadhiwa jikoni kwa mke wa mchungaji wa Moravian, ambaye kwa siku zote zile alikuwa akilala mlango ameuegemezea mchi kwa ndani. Macho ya bibi ni mekundu kwa moshi wa kuni, kama ya mama zetu wengi, na ndiyo yaliyoanza kumponza. Marehemu alipiga magoti akamwomba radhi. Bibi alimjibu, "Inuka mwanangu, unaumwa wewe, nakuona." Alikuwa mtu wa kwanza kuuona ugonjwa ule.

Mwezi Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya titi, na tarehe 22 Novemba alifanyiwa upasuaji mkoani Mwanza. Mkono wa kulia, ambao ndio wa kuchorea, ulivimba na kukataa kukaa juu ya meza. Xavery alimshauri wawarudishie watu fedha yao yaishe, naye akasema, "Walinunua karata, watapata karata." Alijaribu mkono wa kushoto, akaacha, akaurudia wa kulia ukiwa umefungwa kwa khanga na kulazwa juu ya mto, akawa anachora mpagazi mmoja kwa siku, na siku mbaya nusu mpagazi. Safari hii aliwachora katika safu mbili, safu moja inakwenda Ujiji na nyingine inarudi Tabora, miguu ya hawa ikiielekea miguu ya wale, njia ikiwa katikati, ili hata karata ikigeuzwa vipi, wapo wanaokwenda na wapo wanaorudi, na hakuna inayoweza kumsengenya aliyeishika. Alimaliza tarehe 3 Novemba 2024. Mzee Nassibu alizichapa bila kutaka malipo, na kila aliyerudisha pakiti ya zamani alipewa mpya, nyingine zikipelekwa na Damas kwa baiskeli.

Mwezi Januari mwaka huu ugonjwa uliingia kwenye mapafu. Bibi Veneranda alipopata habari alikuja kwa basi, akiwa na kuku wawili na furushi la viazi vikavu, akasema amekuja kukaa, na ndiye aliyemwosha mgonjwa kila asubuhi kwa maji ambayo kwanza aliyajaribu kwa kiwiko chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza na wa hapa Tabora, hasa muuguzi aliyemruhusu aingie wodini na penseli zake, majirani wa Ng'ambo waliopunguza redio bila kuombwa, wanajumuiya waliogawana zamu za kupika, Mzee Nassibu na wafanyakazi wenzake, mke wa mchungaji wa Ziba, yule dereva wa bodaboda kama yupo anayemfahamu, na Jilala, aliyekuja kumfanyia mgonjwa mazingaombwe kitandani kwa karata mpya, akashindwa, na mgonjwa akafurahi kupita kiasi.

Mama Xavery, umefanya kazi yako ikakamilika, pumzika sasa kwa amani ya Bwana, mkono usikuume tena.

Pakiti moja ya zamani ndiyo ilikuwa bado haijapatikana. Jana jioni mfugaji mmoja kutoka Puge aliileta hapa msibani, na Xavery akampa mpya.