Ratili Mia Tatu za Lyle

Zima hiyo televisheni, Delbert. Mchezo utaendelea bila sisi, na timu yetu ikipigwa leo mimi sitakuwepo kusikia lawama za kesho. Sogezeni viti, wanangu, msinilazimishe kupaza sauti, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhesabu. Wewe Renae, mkwe wangu, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuuza bima. Miaka kumi na miwili hukuikanyaga nyumba hii, na leo umekuja, Mungu akulipe, basi njoo hapa karibu na kichwa changu. Wade, mjukuu wangu, kaa miguuni pangu nikuone. Padri ameshaondoka na ya kwake nimeshamwambia. Yaliyobaki ni yenu.

Tuanze na mali, maana mali ndiyo inayowatoa watu macho. Nyumba hii na shamba la magharibi ni vya Delbert, mwanangu mkubwa. Shamba la mashariki, mpaka kwenye kijito, ni la Renae na Wade. Sisemi nimewapa, lilikuwa la marehemu Lyle, nami nililikalia kwa ukaidi kwa sababu mjane wake alikataa kunipa mkono kanisani. Usinune, Delbert. Umelima humo miaka yote ukijua si lako. Mahindi yaliyosimama sasa vuna wewe, mwakani mwachie mwenyewe. Ule mkokoteni wa chuma wa mazoezi, wa kusukumwa na vijana, upelekeni shule ya sekondari. Daftari langu la michoro ya hatua za miguu ni la Wade, na ya mizani iliyo bandani nitaisema, subirini.

Mnajua kazi yangu ilivyokuwa. Miaka ishirini na sita nimefundisha watu wa mstari kule chuoni, kwenye mpira wetu wa Kimarekani, wale watano wanaoinama mbele ya mrushaji mpira na kupokea vishindo ili wenzao wakimbie na kushangiliwa. Hawabebi mpira, hawafungi, na Nebraska nzima hailijui jina la mmoja wao ila siku amekosea. Kidole kimoja hakivunji chawa, ndivyo nilivyowaambia kila Agosti, nao wakicheka, maana jitu la ratili mia tatu halipendi kuitwa kidole. Ratili mia tatu, kilo mia na thelathini na sita, ndiyo hesabu tuliyokuwa tukiiabudu. Kijana akija kuomba nafasi hatukumwuliza anajua nini. Tulimwambia avue viatu apande mizani.

Sitawadanganya kwenye kitanda cha kufia. Ukubwa una kazi yake. Nimepata kufundisha jitu moja kutoka Omaha, zito kama jokofu la bucha na lina miguu ya mcheza ngoma ya polka, na mtu wa namna hiyo hazuiliki, unakaa pembeni na kumshukuru Muumba. Lakini hao nimewaona wawili maishani mwangu. Wengine wote walikuwa nyama tu, na ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Mtu wa mstari anaanza na mguu, hatua ya kwanza fupi, isizidi upana wa kiganja. Mikono iingie ndani, chini ya kwapa za adui, na kiuno kiwe chini kuliko chake. Kabla ya yote hayo aangalie vidole vya adui vilivyogusa nyasi: vikiwa vyeupe, uzito wote uko mbele, jamaa anakuja kama fahali, vikiwa na rangi yake, anakudanganya. Haya hayapimwi kwa ratili.

Lyle aliyajua akiwa na miaka kumi na mitano. Wade, baba yako alikuwa mtu wa katikati, yule anayeurudisha mpira kati ya miguu yake kisha papo hapo anapokea kishindo, na alikuwa na ratili mia mbili ishirini na nane na viatu. Mwaka wake wa pili chuoni tulicheza na watu wa Kansas. Mbele yake wakamweka mlima wa mtu, na mlima ule ukamwambia, nami nasikia kutoka pembeni, "We mtoto, mama yako yuko wapi aje akuchukue?" Lyle akamjibu, "Yuko jukwaani, anakutafutia mtu wa kukuinua." Na kweli, wanangu, mara kumi na moja yule bwana alikaa chini. Mara ya mwisho alibaki amekaa, akavua kofia yake ngumu, akamtazama Lyle akacheka. Mama yenu Blanche alilia kwa furaha. Mimi sikulia. Nilikuwa nawatazama watu wanavyonitazama.

Hapo ndipo shetani aliponiingia, na hapo naomba maji. Kidogo tu. Inatosha.

Majira ya baridi yaliyofuata ndipo Lyle alipoanza kulishwa. Mayai kumi asubuhi, maziwa kwa galoni, nyama ya nguruwe na madonge ya unga, mikate mitamu ya kolachi ya plamu ya mama yenu sahani nzima, na kabla ya kulala mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe. Kila Alhamisi tulipima mbele ya timu nzima, nami nikisoma kwa sauti. Aliyepungua alikaa meza ya peke yake, akala wenzake wakitazama, mpaka sindano ya mizani iridhike. Lyle alinitania, "Mzee, nikila tena nitazaa." Alhamisi moja alificha vyuma vizito vya dirisha ndani ya chupi yake, kimoja kikamponyoka, kikagonga sakafu, timu nzima ikavunjika mbavu. Kocha mwenye moyo angecheka nao yakaisha. Mimi nilimketisha kwenye ile meza, mwanangu wa kumzaa, nikasimama nyuma yake mpaka akatapika, kisha nikamwambia aanze upya.

Alifika mia tatu na nne. Ule mguu mwepesi ukafa. Mwaka wa tatu goti la kushoto, mwaka wa nne la kulia, na baada ya hapo hakuna aliyemhitaji tena. Tulimfundisha kula, hakuna aliyemfundisha kuacha. Renae, wewe uliolewa na Lyle huyo, hukuwahi kumwona yule mwingine, na hilo pia nilikudhulumu. Alikufa Februari, ana miaka thelathini na tisa, amekaa kwenye kiti cha karakana na funguo mkononi, Wade ana miaka sita. Jeneza la kawaida halikumtosha. Walewale wa mstari wake wa zamani, pamoja na wa akiba wao, walimbeba, wanane, magoti yao mabovu kama yake, wakamweka chini kwenye theluji mara mbili wapumzike kabla ya kufika kaburini. Nilitembea nyuma yao nikiwahesabia hatua kimoyomoyo, kwa mazoea.

Sasa nisikilizeni kwa makini, maana mficha uchi hazai, nami nimeuficha wangu zaidi ya miaka thelathini. Mmelishwa hadithi kwamba Kocha Strand, mkuu wetu, ndiye aliyeamuru Lyle anenepe au aondoke. Mimi ndiye niliyewaambia. Ni uongo. Strand aliniita ofisini baada ya mchezo wa Kansas, akaniambia, "Emil, kijana wako mwache alivyo. Ndiye bora niliye naye." Maneno yake ndiyo hayo, sijaongeza wala kupunguza. Ni mimi niliyekataa. Dukani kwa mbegu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Emil Vodehnal kampa mwanawe nafasi ya watu, kwamba mtoto mdogo vile hachezi ila kwa jina la baba. Nilitaka awe mkubwa ili wafunge midomo. Nikamwambia Strand, "Nipe mpaka Agosti, atafika mia tatu." Nikaenda nyumbani nikamwambia Lyle ni amri ya mkuu. Naye akaniamini, kwa sababu mimi ni baba yake.

Renae, usisimame. Basi simama, una haki. Unasema nini? Sema kwa sauti, na Delbert asikie. Miaka kumi na miwili umemlaani mtu asiye na kosa. Ndiyo. Ulirudisha maua yake mlangoni, na alipokufa hukwenda kumzika, nami nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile pale, nikanyamaza. Nitukane. Hapana, usinisamehe leo kwa kuwa nakufa, huo utakuwa msamaha wa huruma na haunifai. Nisamehe ukiweza, siku nyingine, mimi nikiwa sipo. Ila usitoke. Nina jambo la mwanao, nalo ndilo nililowaitia.

Delbert. Najua unachokifanya bandani. Nimelala, si kiziwi. Naisikia ile mizani ya ng'ombe ikilia kila Jumapili baada ya misa. Yule bwana wa chuo kikuu kikubwa atakuja Jumatatu kumpima Wade, na amesema akimkuta na mia mbili tisini nafasi kwenye timu ni yake. Nawe unamlisha. Sikulaumu kama mwuaji, mwanangu, unampenda, unamlisha kwa mapenzi, unasema baba alifanya hivi na baba alikuwa kocha. Ungemwiga nani mwingine? Wahenga wamesema majuto ni mjukuu, na wangu huyu hapa ameketi miguuni pangu. Ile mizani ikatwe leo, kabla jua halijazama, iuzwe chuma chakavu. Mwite fundi Stan na gesi yake ya kukatia chuma. Huo ni wosia, si ombi. Na kile chuo kidogo cha kaskazini kilichoandika kwamba kinamtaka Wade alivyo, barua yao msiitumie tena kuegemeza mlango wa jiko. Nimeiona.

Nateleza. Mto huu... Wade, niinue kidogo. Mwache, Delbert, nimemwita yeye.

Hivyo. Hivyo hivyo. Hatua fupi, mikono ndani, kiuno chini. Nani alikufundisha? Hakuna aliyekufundisha, ni damu. Ungenibeba mpaka uani nisingetikisika.

Lakini unahema.

Mimi nimebaki ratili mia moja na kumi, mifupa na shuka, na wewe unahema. Umefika ngapi? Usimtazame baba yako mkubwa, nitazame mimi. Mia mbili themanini na nne. Unalishwa tangu Juni. Na goti? Linauma ukipanda ngazi. Lipi? La kushoto.

Ee Mungu wangu. Nimechelewa tena.

Nishike, Renae. Sioni vizuri, huu ni mkono wako au wake? Msilie. Sikilizeni, nimeishiwa. Nizikeni kwa mama yenu. Jeneza la mbao laini, wabebaji wanne wanatosha, na wasiwe wazee wa mstari, wamebeba vya kutosha. Delbert, umwombe Renae radhi kwa ajili ya shamba, na Renae umpokee. Jumatatu mgeni yule akija mpeni kahawa, kisha Wade amjibu mwenyewe. Mimi simwamuru. Nilishaamuru mmoja. Mungu awabariki nyote, awalinde mkilala na mkiamka, awape kupendana kuliko nilivyowapenda mimi, maana mimi nilipenda vibaya.

Wanawake wa kanisa wameleta chakula, nasikia harufu hapo jikoni. Nendeni mkale. Wade, wewe baki. Una njaa, Wade? Hapana. Wanakuita, nawasikia wanakuita, wamekupakulia sahani ya mtu wa mstari. Wajibu. Si "nakuja." Wajibu "nimeshiba." Baba yako hakuwahi... mbele yangu hakuruhusiwa neno hilo hata siku moja.

Sema, mjukuu wangu.

Sijasikia.

Tena.