Mlima wa Mama Yake Mwai

Mbele ya kinu cha mchele pale Wang'uru, mahali boda boda hugeuzia, pana benchi ambayo Ngendo aliiweka ili wateja wa kahawa yake ya tangawizi wasimsimamie kichwani. Wenye benchi wanajulikana. Kuna Kinyua, anayeitwa Mizani kwa sababu alipima magunia kinuni hapo mpaka mgongo wake ukastaafu kabla yake. Kuna Gatobu, Mmeru wa spea za baiskeli, anayeitwa Profesa ingawa shule aliiacha darasa la nne. Kuna Beth, mwalimu mstaafu, ambaye hana jina la utani kwa kuwa wote wanamwogopa. Na zamani alikuwako Mwai, aliyeitwa Redio, kwa kuwa akianza kusimulia hapakuwa na wa kumzima. Mauti yalimzima mwaka juzi.

Asubuhi hiyo kitabu kilikuwa kimefika. Daktari Mwendwa wa chuo kikuu aliwahi kuja hapo kuuliza jinsi watu wa Mwea walivyofika Mwea, kwenye mashamba haya ya mpunga, akaahidi kwamba akimaliza kuandika ataleta. Mwai alimsimulia wiki nzima, lakini alikataa kunaswa sauti. Alisema redio hairekodiwi na simu. Daktari akaandika kwa mkono.

Kinyua alikuwa amenyoa ndevu kwa ajili ya kitabu hicho. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa na haja moja tu: kumsikia Mwai tena.

— Mwalimu, tafuta yeye. Ako ndani.

Beth alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye kurasa za nyuma.

— Majina yako hapa mwisho. Maji... malaria... mbu... Mwea. Mwai hayuko.

— Hayuko aje? Ngendo aliruka. Si alikuwa anakunywa kahawa na huyo daktari hapa hapa?

— Wasomi huficha majina ya watu, alisema Beth. Ni heshima.

— Heshima gani ya kuficha mzee kama chupa ya chang'aa? alisema Gatobu. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

— Profesa, hiyo haiingii hapa.

— Inaingia. Mwai alizaa.

Kinyua hakucheka. Alikuwa akikitazama kidole cha Beth. Kidole kikafika sura ya nne, kikasimama.

— Hapa. Wameandika "mkulima mzee, Wang'uru." Kitabu ni ya Kiingereza, ngoja niwageuzie pole pole. "Nilikuwa mtoto tukipakiwa lori kutoka Tetu. Tulifika giza. Asubuhi mama akatoka nje, akaona mlima, akasema, huu si mlima wetu. Wetu hauna uso kama huu. Kwa miaka mingi, akiomba, aliugeuzia bega, akaangalia kule Tetu ilibaki."

Kinyua aliyajua maneno hayo. Yalikuwa ya Mwai kabisa, ila yalikuja yamevaa tai.

— Na hapa chini daktari anaeleza, Beth aliendelea. Anasema mtu akihamishwa kwa nguvu, hata kitu anajua inakuwa ngeni machoni.

— Mimi nasema Redio alikuwa anacheza na huyo daktari, alisema Ngendo akimimina kahawa. Nani hajui Kirinyaga? Hapa na Tetu, mlima ni ule ule mmoja.

— Wewe hujatembea, Gatobu alimkata. Kwetu Meru iko na uso ingine kabisa. Mimi nikikuja hapa mara ya kwanza nilishangaa, nikasema ati hii ni nini? Mlima huzunguka.

— Huzunguka?

— Pole pole, kama gurudumu iko na pancha. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mlima hauzunguki! alisema Beth.

— Basi ni mbili, alisema Ngendo, aliyekuwa ameanza kunogewa. Mama Mwai aliacha moja kule Tetu. Si mkoloni aliibeba?

— Eeh! Gatobu alipiga paja. Walibeba ng'ombe, wakabeba mashamba, mlima ndiyo ingewashinda?

Kinyua alikumbuka babake mwenyewe, jinsi alivyokuwa akisimama kwenye shamba la mpunga jioni, maji yakimfika magotini, akitazama upande ule ule wa Tetu. Kinyua mdogo alidhani anaangalia mvua.

Mwanamke alishuka kwa boda, akavuka mtaro. Ngendo ndiye aliyemwita kwa simu. Alikuwa Wanja, kitinda mimba wa Mwai, aliyekuwa Doha akilea watoto wa watu babake alipofariki. Waajiri walikataa kumpa ruhusa. Mazishi aliyaona kwa simu, na picha ilikuwa ikikatika.

— Wazee, habari zenu. Mwalimu, shikamoo.

— Marahaba, mama. Karibu.

Kinyua alimsogezea nafasi. Beth akarudia ukurasa ule kuanzia mwanzo, polepole zaidi, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Alipofika mahali pa bega, Wanja aliweka mkono mdomoni.

— Mimi baba hakuniambia hii, alisema. Na niko na jina ya huyo shosho, mamake baba.

— Labda ulikuwa mdogo, alisema Ngendo.

— Labda. Aliwatazama mmoja mmoja. Akisema hivyo, alikuwa anacheka?

Beth alirudi kitabuni, akapitia mistari, akageuza ukurasa, akaurudisha.

— Haijaandikwa, alisema.

— Nataka tu kujua kama alikuwa anacheka mamake, ama alikuwa anamlilia.

Wote walimgeukia Kinyua. Ndiye aliyekaa karibu na Mwai siku ile alipousimulia mlima huo, bega kwa bega. Alimwona daktari akiandika. Alikumbuka kalamu, alikumbuka lori la mpunga likirudi nyuma kuingia kinuni. Uso wa Mwai aliutafuta, akaukuta kimya.

Basi akajaribu njia nyingine. Alisafisha koo ili aseme kama Mwai alivyosema, asikie kama kuna kicheko ndani.

— Huu si mlima wetu.

Ilitoka kwa sauti yake mwenyewe, nzito, sauti ya mtu wa kutaja kilo.

— Hapana, alisema. Si hivyo. Ngoja.

Wanja akangoja.